Taa za mbele zikipepesa: Namna ya kutambua chanzo na kurekebisha hitilafu

TAA za mbele za gari zinapoanza kupepesa, madereva wengi hufanya mojawapo ya mambo mawili. Wapo wanaopuuza hadi zizime kabisa, na wapo wanaokimbilia gereji ambako huuziwa alteneta mpya kabla hata ya boneti kufunguliwa.

Yote mawili yana gharama. La kwanza laweza kuangamiza maisha. La pili humtoboa mwenye gari mfuko bila sababu, kwani mara nyingi chanzo huwa ni kitu kidogo: terminali ya betri iliyolegea, soketi ya balbu iliyoungua au waya uliokula kutu.

Gari linalokwenda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa husafiri takriban mita 22 kila sekunde. Taa zikizima kwa sekunde 2 pekee, dereva atakuwa amekwenda zaidi ya mita 40 bila kuona mbele. Katika barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, hasa sehemu inayopita katikati ya mbuga za Tsavo baina ya Mtito Andei na Voi, umbali huo watosha kumfikisha dereva nyuma ya lori lililoharibika au mbele ya mnyama anayevuka.

Ikumbukwe kuwa kupepesa kwa taa si ugonjwa bali ni dalili. Fundi mwema hutafuta kwanza mahali penye kasoro, kisha ndipo huzungumzia kipuri cha kununua. Kazi hiyo mwenye gari pia anaweza kuianza mwenyewe, kwa macho, mkono na mita ndogo ya umeme.

Njia ya umeme

Umeme wa taa hutoka kwenye betri, na injini inaponguruma hutoka kwenye alteneta ambayo pia hujaza betri hiyo. Hupitia kwenye fyuzi, rilei na swichi iliyo karibu na usukani, kisha huingia kwenye balbu. Baada ya hapo hurudi kwenye terminali hasi ya betri kupitia waya uliofungwa kwenye bodi ya gari.

Katika baadhi ya magari ya Kijapani, hususan Toyota za zamani, mpangilio hugeuzwa: swichi huwekwa upande wa kurudi kwenye bodi badala ya upande wa kuingia. Hata hivyo, kanuni haibadiliki. Njia ikikatika au ikibanwa mahali popote, mwanga hufifia au hucheza.

Hitilafu za aina hii si nadra katika magari yanayotumika humu nchini. Mengi huagizwa kutoka Japan yakiwa yameshatumika, na ijapokuwa kanuni za shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, haziruhusu gari lililozidi umri wa miaka 8 kuingizwa nchini, gari la miaka 7 tayari lina viungo vya umeme vilivyoanza kuchakaa. Likishafika hapa hukutana na mashimo, vumbi na mvua. Katika miji ya Pwani kama Mombasa na Lamu, hewa yenye chumvi huharakisha kutu kwenye shaba na chuma.

Taa zinapepesa vipi?

Hatua ya kwanza haihitaji chombo chochote. Gari huegeshwa jioni likitazama ukuta, taa huwashwa, na mwenye gari hutazama kwa makini jinsi mwanga unavyobadilika. Namna ya kupepesa huonyesha upande wa kutafuta:

* Taa moja tu ikipepesa, kasoro iko upande huo: balbu yake, soketi yake, waya wake wa kwenye bodi au fyuzi yake. Magari mengi huwa na fyuzi ya peke yake kwa kila taa.

* Taa zote mbili zikipepesa pamoja na taa za dashibodi na za ndani, tatizo liko kwenye chanzo cha umeme: betri, terminali zake, alteneta au waya mkuu wa bodi.

* Taa zote mbili za mbele zikipepesa ilhali zile nyingine zimetulia, mshukiwa ni rilei, swichi au waya wa bodi ambao taa hizo mbili hutumia kwa pamoja.

* Mwanga wa chini, ambao madereva huuita dimu, ukipepesa huku ule wa juu umetulia, mara nyingi kasoro iko kwenye swichi au rilei ya mwanga huo wa chini.

* Mwanga ukiongezeka dereva anapokanyaga mafuta na kufifia anapoachilia, alteneta, mkanda wake au betri imedhoofika.

* Taa zikicheza gari linapopita kwenye shimo au tuta, kuna kiungo kilicholegea.

* Taa zikifuata mpigo wa indiketa, waya wa bodi hauna mshiko mzuri.

* Taa zikizima baada ya dakika kadhaa, kisha zikawaka tena zenyewe, kuna kitu kinachopata joto kupita kiasi.

Kufifia kidogo kwa mara moja, kipoza hewa kinapoanza kazi au kioo cha dirisha kinapopandishwa injini ikiwa katika mngurumo wa chini, si jambo la kutia hofu. Linalotia hofu ni kupepesa kusikokoma.

Betri na terminali

Penye kuanzia ni kwenye betri, kwa kuwa ukaguzi wake hauna gharama. Injini ikiwa imezimwa, kila terminali hushikwa kwa mkono na kujaribiwa kuzungushwa. Ikizunguka, imelegea, na huenda tatizo likaishia kwa kukazwa kwa spana.

Unga mweupe au wa kijani kwenye terminali ni ishara ya kutu itokanayo na asidi ya betri. Unga huo huzuia umeme kupita. Ili kuusafisha, terminali hasi hufunguliwa kwanza, kisha ile chanya. Magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu huvunja nguvu ya asidi; hupakwa kwa mswaki wa zamani, lakini yasiruhusiwe kuingia ndani ya betri. Baadaye sehemu hiyo husuuzwa kwa maji safi, hukaushwa na kung'arishwa kwa msasa. Wakati wa kufunga, chanya hutangulia na hasi humalizia. Mafuta mazito ya kujipaka yakipakwa juu yake huzuia kutu kurudi haraka.

Mwenye kufanya kazi hii hana budi kulinda macho na ngozi yake, kwani asidi ya betri huunguza. Vilevile asikaribishe moto wala sigara, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni ambayo hulipuka.

Betri yenyewe hupimwa kwa mita baada ya gari kukaa saa kadhaa bila kuwashwa. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma volti 12.4, imebakisha kama robo tatu ya nguvu zake, na ikishuka hadi volti 12, inakaribia kuwa tupu.

Alteneta na mkanda

Injini ikiwashwa, mita iliyowekwa kwenye terminali za betri yapasa kupanda hadi kati ya volti 13.5 na 14.7. Baadhi ya magari ya kisasa huruhusu kompyuta ishushe kiwango hicho kidogo ili kuokoa mafuta, lakini taa, feni na redio zikiwashwa kwa pamoja kiwango chapaswa kupanda tena. Ikiwa mita itabaki chini ya volti 13, alteneta haichaji ipasavyo.

Kabla ya kuilaumu, mkanda unaoizungusha utazamwe. Mkanda uliolegea, uliopasuka au wenye mafuta huteleza, na mara nyingi hulia kwa sauti kali gari linapowashwa asubuhi au wakati wa mvua. Kuukaza au kuubadilisha ni nafuu mno kuliko kununua alteneta.

Kwa upande mwingine, mita ikipanda na kupita volti 15, regyuleta imeharibika. Kiasi hicho cha umeme huchemsha betri na kuunguza balbu mara kwa mara. Mwenye gari anayebadilisha balbu kila baada ya wiki chache afaa kupima jambo hili kabla ya kulaumu duka la vipuri.

Kuna pia hitilafu ya dayodi zilizo ndani ya alteneta, ambazo kazi yake ni kugeuza umeme wa kupwa na kujaa kuwa wa mkondo mmoja. Dayodi moja ikifa, volti zaweza kuonekana za kawaida ilhali taa zinatetemeka upesi upesi. Mita ikigeuzwa kupima umeme wa kupwa na kujaa kwenye betri, injini ikinguruma na taa zikiwaka, isizidi nusu volti. Ikizidi, alteneta ifunguliwe. Hata hapo, fundi wa umeme anaweza kubadilisha dayodi, regyuleta au makaa yaliyoisha bila kununua alteneta nzima.

Kuna desturi moja katika gereji ambayo yafaa kukomeshwa. Baadhi ya mafundi hung'oa terminali ya betri injini ikinguruma, eti gari likiendelea kunguruma, alteneta ni nzima. Betri ndiyo inayotuliza mfumo wa umeme. Ikiondolewa ghafla, volti hupanda mno kwa muda mfupi na zaweza kuua kompyuta ya gari, regyuleta na hata hizo taa zenyewe. Mita ndogo hutoa jibu bora bila hatari hiyo.

Balbu na soketi

Ikiwa taa moja tu ndiyo inayopepesa, njia rahisi ya kupata ukweli ni kubadilishana balbu: ya kushoto ipelekwe kulia na ya kulia kushoto. Kasoro ikihama pamoja na balbu, balbu ndiyo mbovu. Kasoro ikibaki mahali pake, kosa liko kwenye soketi au waya.

Balbu ya halojeni haipaswi kuguswa kwenye kioo kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi hubaki juu yake, na balbu ikipata moto, sehemu hiyo hupata joto kupita nyingine na kioo hupasuka au maisha ya balbu hufupika. Ishikwe upande wa chuma, au kwa kitambaa safi.

Soketi nayo itazamwe rangi. Plastiki iliyogeuka kahawia, iliyoyeyuka au yenye harufu ya kuungua ni ushahidi wa mshiko hafifu ulioleta joto. Soketi ya namna hiyo haisafishwi. Hubadilishwa pamoja na kipande cha waya kilichoungua.

Sababu moja kuu ya soketi kuungua ni tamaa ya mwanga mkali. Balbu ya kawaida ya mwanga wa chini hutumia wati 55, na kwenye volti 12 huvuta takriban ampia 4.6. Balbu ya wati 100 huvuta ampia zaidi ya 8. Nyaya, swichi na rilei za gari hazikuundwa kubeba mzigo huo, kwa hiyo hupata moto, huyeyuka, na taa huanza kupepesa. Isitoshe, mwanga huo huwapofusha madereva wanaokuja mbele.

Waya wa bodi

Mafundi wengi hukagua upande wa umeme kuingia na kusahau upande wa kurudi. Waya wa bodi hufungwa kwa bolti kwenye chuma karibu na taa, mahali panapopata maji na tope. Kutu ikiingia chini ya bolti, umeme hukosa njia ya kurudi.

Gari lililowahi kugongwa na kunyooshwa bodi lichunguzwe zaidi. Mara nyingi rangi mpya hupuliziwa hadi mahali pa bolti hiyo, na rangi haipitishi umeme. Taa ambazo zilianza kupepesa wiki chache baada ya gari kutoka kupakwa rangi huelekeza kidole hapo.

Jaribio lake ni jepesi. Waya mzima huunganishwa kwa muda kati ya terminali hasi ya betri na mguu wa bodi wa taa inayosumbua. Mwanga ukitulia na kung'aa, mkosaji amepatikana. Bolti hufunguliwa, chuma hukwanguliwa kwa msasa hadi king'ae, kisha hukazwa na kupakwa mafuta mazito. Katika yale magari ambayo swichi iko upande wa kurudi, jaribio hili lifanywe na fundi anayeufahamu mchoro wa nyaya za gari hilo.

Kwa mwenye mita, kuna kipimo cha uhakika zaidi. Taa zikiwa zimewashwa, mkono mmoja wa mita huwekwa kwenye terminali chanya ya betri na mwingine kwenye mguu chanya wa balbu. Mita isisome zaidi ya nusu volti. Upande wa bodi, kati ya terminali hasi na mguu wa kurudi, isizidi takriban robo volti. Kikizidi, kuna mahali umeme unapopotelea.

Kiasi hicho chaweza kuonekana kidogo, lakini balbu ya halojeni haina subira. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga wake hupungua kwa karibu asilimia 30.

Rilei, fyuzi na swichi

Rilei ni swichi inayoendeshwa kwa umeme. Miguu yake ya ndani huungua kidogo kidogo kila inapowasha na kuzima, na hatimaye mshiko huwa hafifu. Katika magari mengi, rilei ya taa hufanana na ile ya honi au ya kifaa kingine ndani ya kisanduku kile kile. Zikiwa na namba moja, zaweza kubadilishwa mahali kwa majaribio. Kupepesa kukikoma, rilei mpya inunuliwe.

Fyuzi huchomolewa na kutazamwa miguu. Ikiwa na kutu au imelegea mahali inapokaa, taa zitacheza. Fyuzi iliyokatika isibadilishwe kwa yenye ampia nyingi zaidi, wala isizungushiwe karatasi ya sigara au kipande cha waya. Fyuzi hukatika ili waya usiungue. Ikinyimwa kazi yake, gari laweza kuteketea.

Swichi hujaribiwa kwa kuitikisa polepole taa zikiwaka. Mwanga ukicheza kwa mtikiso huo, au swichi ikiwa na joto isilo la kawaida mkononi, miguu yake ya ndani imeungua. Katika baadhi ya magari swichi huwa na kinga ya joto inayokata umeme na kuurudisha yenyewe. Hiyo ndiyo huzizima taa na kuziwasha tena baada ya dakika kadhaa. Kinga hiyo isilaumiwe kabla ya kujulikana kama balbu zilizofungwa ni za wati zinazokubalika.

Taa za xenon na za LED

Magari mengi yaliyotoka Japan tangu miaka ya 2000 yana taa za xenon. Hizi hazina uzi unaowaka; huhitaji kifaa kiitwacho balasti kuanzisha mwanga. Balbu ya xenon inayozeeka hubadilika rangi kuelekea waridi au zambarau, kisha huanza kuzima na kuwaka. Balbu hubadilishwa kwanza, na balasti baadaye ikiwa tatizo litaendelea. Kazi hii iachiwe fundi aliyefunzwa, kwa sababu taa hizo huanzishwa kwa volti zinazopita 20,000.

Balbu za LED zinazofungwa badala ya halojeni nazo zina tabia yake. Katika magari mengi ya kisasa, kompyuta hupeleka umeme kwa mipigo ya haraka, ama ili kukagua kama balbu ni nzima au ili kupunguza mwanga. Uzi wa halojeni hauionyeshi mipigo hiyo kwa kuwa hubaki na joto, lakini LED huwaka na kuzima kwa kila mpigo. Hapo gari halina ubovu. Suluhisho ni kurudisha balbu za asili, au kufunga kifaa cha kutuliza umeme kinacholingana na gari husika.

Aidha, taa za LED zikionekana kupepesa kwenye picha za simu pekee, huku macho yakiona zimetulia, hilo hutokana na kasi ya kamera na halihitaji fundi.

Mbele ya fundi

Mwenye gari aliyefuata hatua hizi hufika gereji akiwa na maelezo yenye manufaa: ni taa ipi, hupepesa wakati gani, mita ilisoma nini injini ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Maelezo hayo humpunguzia fundi saa za kubahatisha.

Pia ana haki ya kuuliza. Fundi anayesema alteneta imekufa aombwe aonyeshe kipimo. Anayetaka kubadilisha balbu aeleze kwa nini ile iliyopo haifai. Kipuri cha zamani kirudishwe mkononi mwa mwenyewe.

Zikizima barabarani

Taa zikizima ghafla usiku, dereva asifunge breki kwa nguvu, kwani aliye nyuma huenda hakutarajia. Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani imara, awashe taa za tahadhari na kujaribu mwanga wa juu, ambao mara nyingi hutumia njia tofauti. Taa za ukungu pia zaweza kumsaidia kufika kando ya barabara.

Gari likishaegeshwa mbali na lami iwezekanavyo, pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe nyuma na mbele, na abiria wasimame mbali na magari yanayopita. Kuendelea na safari kwa kufuata taa za gari lililotangulia ni kucheza na mauti, kwa sababu anayekuja upande wa pili haoni kitu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kukaza terminali, kutazama mkanda na kupima volti mara moja kwa mwezi hakuchukui hata nusu saa, na ni kazi ya kufanywa mchana, nyumbani, kabla ya safari ya usiku.